Kamba Mlangoni mwa Zizi

Mzee Seok Chil-bong hakuwa mtu wa kusimuliwa. Hakusoma, hakusafiri, hakuwahi kugombana na mtu kwa jambo la maana. Alilima mpunga wake, akafuga ng'ombe watatu, akanywa pombe yake ya mchele siku za gulio. Lakini mikono yake jamani! Mirefu, myembamba, laini isivyo kawaida kwa mkulima. Katika bonde letu lile hakukuwa na ndama aliyekwama tumboni ambaye mikono hiyo haikumtafuta. Theluji ikianza kuyeyuka na ng'ombe wakianza kuzaa, mlango wake ulikuwa hautulii. "Mzee Seok, njoo upesi!" Naye huacha bakuli la wali likifuka moshi, akaenda.

Ndiyo maana yaliyomfika mwaka ule yananiuma mpaka leo.

Jirani yake Pyo alifariki mwezi wa tatu. Huku kwetu maiti hubebwa mabegani hadi mlimani, kwenye jeneza lililopambwa maua ya karatasi, na wabebaji hawapungui wanane. Vijana walishatukimbia, wote wako viwandani Busan na Seoul. Wanaume waliobaki na magoti ya kupanda mlima walikuwa wanane kamili, na wa nane ni mzee Seok. Angekataa vipi? Watu ni kufa kuzikana.

Tatizo lilikuwa mtamba wake, aliyekuwa na mimba ya kwanza. Nyumba inayosubiri uzazi, uwe wa mtu au wa ng'ombe, haiendi msibani, kifo kisije kikamfuata kichanga. Asubuhi ya mazishi mzee alimpapasa kiwele, akaona bado hakijajaa.

"Bado siku kumi," alimwambia mkewe Ok-bun. "Wewe baki nyumbani, usitie mguu kwa Pyo. Mimi nikirudi sitakwenda zizini mpaka siku tatu zipite."

Ok-bun alimkazia macho tu, akaendelea kupepeta maharage.

Haya, mtamba hakusubiri siku kumi. Hakusubiri hata siku moja.

Saa nane mchana mzee anashuka mlimani, bega linamuuma, akaikuta kamba. Kamba ya majani ya mpunga, imesokotwa kwa kushoto, imechomekwa pilipili nyekundu na vipande vya mkaa, imekatiza mlango wa zizi usawa wa kiuno. Hata mtoto mdogo anajua maana yake: humu mna uzazi, aliyetoka msibani asivuke.

"Mama Mi-ryeong!" aliita, kwa jina la binti yao, kama alivyomwita siku zote. "Ameanza lini?"

"Ulipotoa tu kisigino! Chupa imepasuka zamani. Naona mguu mmoja na pua. Mguu wa pili sijui uko wapi."

Mzee alijua uko wapi. Umekunjika gotini, huko ndani. Kwake ile ilikuwa kazi ya robo saa: unamrudisha ndama nyuma, unaufumbata ukwato, unauleta mbele. Alishaifanya mara hamsini. Akavua koti, akakunja mikono ya shati, akaifikia kamba.

Ok-bun akatokea mlangoni, mwanamke mdogo wa umbo, mikono imelowa damu hadi viwikoni.

"Usivuke."

"Atakufa huyo!"

"Baba Mi-ryeong. Umesahau?"

Asahau vipi? Miaka arobaini na moja nyuma kamba kama ile ilikuwa mlangoni mwa chumba chao, na ndani mlikuwa na mtoto wao wa kwanza, wa kiume, wa siku kumi na nane. Zilibaki siku tatu tu kamba ifunguliwe. Kijana Seok akatoka kumzika baba yake mdogo, amechoka, ana majonzi, akatamani kuiona sura ya mwanawe. Akainama chini ya kamba, akambeba. Kesho yake mtoto alikuwa anachemka homa. Siku ya nne wakamzika. Ok-bun hakusema neno. Hakusema siku ile, hakusema mwaka ule, hakusema hata walipogombana hadi vyungu vikavunjika. Laiti angemtukana! Kimya cha miaka arobaini na moja, halafu leo neno moja tu: umesahau?

Mzee akarudi nyuma.

"Kulikoni huko?" Sang-gu, jirani wa upande wa pili na mbebaji mwenzake, alichungulia juu ya ukuta, bado ana kitambaa cha msiba kichwani. "Yaani fundi umefungiwa nje ya karakana yako mwenyewe?"

"Acha upuuzi. Ingia wewe basi."

"Mimi? Bega lote linanuka Pyo! Mkeo si atanizika na mimi leo leo?" Mara mtamba akalia, mlio mrefu wa kutoka tumboni, na utani ukamkauka Sang-gu mdomoni. "Wanawake je?"

"Wote wako msibani wanapika."

Kweli, kijiji kizima siku ile kilikuwa na msiba mwilini, isipokuwa Ok-bun. Mzee alikimbilia simu, akampigia daktari wa mifugo. Akapokea mke wa daktari: mume wangu yuko ng'ambo ya mlima, ana ng'ombe mwingine, atafika usiku. "Usiku atakuja kufanya nini, kula chakula?" mzee alifoka, kisha akaomba radhi, maana mama wa watu hakuwa na kosa.

Akarudi, akaweka sikio kwenye ukuta wa mbao wa zizi.

"Mama Mi-ryeong, nisikilize. Akisukuma, usishindane naye. Akipumzika, mshike ndama paji la uso, umrudishe ndani."

"Anarudi... anarudi kidogo. Jamani! Ameninyonya kidole! Yu hai!"

"Vizuri! Sasa ifuate shingo, shuka begani, tafuta goti."

"Nimelipata."

"Shuka mpaka kwenye ukwato. Ufumbate wote kiganjani, usimchane mama yake."

"Sifiki! Mkono wangu mfupi!"

"Lala chini kabisa, uingie hadi begani."

"Nimelala kwenye mavi, unataka nilale wapi tena?"

Mzee hakujua kwamba mikono yake mwenyewe ilikuwa kazini. Hapo nje, hewani, mmoja ulisukuma na mwingine ulipinda, vidole vinaufumbata ukwato usiokuwepo. Sang-gu alimwona, akageuza uso.

Mara tatu Ok-bun aliupata ukwato, mara tatu ukamponyoka. Mkono ulikufa ganzi, akabadilisha, akawa analia huku anasukuma. "Hanyonyi tena," alisema wakati mmoja, kwa sauti ndogo. Mzee alimwambia asijali, aendelee. Angesema nini kingine? Jua lilikuwa limeshagusa kilele cha mlima mguu ulipokuja mbele, na baada ya hapo mambo yakaenda haraka.

"Ametoka! Baba Mi-ryeong, ametoka!" Kisha kimya. "Hapumui."

"Mfute ute mdomoni! Mtie jani puani apige chafya!"

"Nimeshamtia!"

"Mninginize! Kichwa chini, ute utoke!"

"Siwezi kumnyanyua! Ni mzito, siwezi!"

Mzee akaruka mpaka mlangoni. Alimwona mkewe amekumbatia miguu ya nyuma ya ndama, anavuta, anateleza, anaanguka naye, anavuta tena. Mguu wake wa kulia ulinyanyuka. Kamba ya majani tu ile, hata paka angeikata! Akasimama vile, mguu mmoja hewani, mzee wa miaka sitini na minane, machozi yanamtiririka. Maana sasa hakumwona ndama. Alimwona mtoto wa siku kumi na nane, mwenye macho meusi, anamshangaa baba yake.

Akaurudisha mguu chini.

Ok-bun alihangaika na ndama yule mpaka yeye mwenyewe akaishiwa pumzi. Kisha akaja akaketi kizingitini, upande wake wa kamba. Mzee akaketi upande wake. Sang-gu alishaondoka bila kuaga. Huko ndani mtamba alikuwa anamlamba mwanawe na kumgunia polepole, kama ng'ombe yeyote anavyomwita ndama wake anyonye.

"Hukuvuka," Ok-bun alisema.

"Sikuvuka."

"Na amekufa."

"Amekufa."

Ok-bun akajifuta uso kwa mkono mchafu. "Niambie kweli. Ungeingia wewe, angepona?"

Mzee Seok aliitazama mikono yake, mikavu, safi, imekaa magotini haina kazi. Angepona. Robo saa tu. Alilijua hilo kama anavyolijua jina lake.

"Asingepona," alisema. "Alikuwa dhaifu tangu tumboni."

Ok-bun alimtazama mume huyo ambaye maisha yake yote hakujua kudanganya. Akainuka kwa taabu, akaifungua kamba upande mmoja, ikaanguka chini.

"Na yule mwanetu," alisema, amempa mgongo, "alianza kukataa ziwa tangu asubuhi ile, wewe hujarudi kutoka makaburini. Sikuwahi kukwambia."

Mzee alifungua mdomo amwulize kama ni kweli. Kisha akaufunga, maana yeye mwenyewe asingetaka kuulizwa.

"Kuna supu ya mwani jikoni, ile ya mzazi," Ok-bun alisema. "Mpe mtamba ikiwa ya moto. Kazaa, hajala kitu."

Mzee akaenda kuileta.