Steringi na Sauti ya Mume Wangu

Mimi filamu za kusini mwa India nimezijua nikiwa nusu usingizini. Jumamosi nilikuwa nafanya usafi maofisini Kista, huku Sweden, tangu alfajiri, narudi nyumbani Bredäng mchana miguu imevimba, najitupa kwenye kochi, na mume wangu anawasha televisheni. Nje theluji inashuka taratibu, ndani mtu amepigwa teke naye anashuka taratibu vilevile, na macho yangu yanajifumba. Ninachokumbuka zaidi si picha. Ni sauti ya mume wangu.

Maana mwenzangu hakuwa mtazamaji wa kawaida. Ujanani, Dar es Salaam, alikuwa mtafsiri wa filamu katika kibanda umiza, vile vibanda vya mabati ambamo watu hubanana kwenye mabenchi kuangalia video, na mtu mmoja ameshika maikrofoni anawasimulia kwa Kiswahili kinachoendelea. Huo ugonjwa alikuja nao Sweden. Kitamil hajui, Kitelugu hajui. Alisoma maandishi ya Kiswidi chini ya picha, yaliyobaki akayatunga mwenyewe. "Huyu mwenye masharubu ni mjomba wake! Amemdhulumu shamba la marehemu mama yake!" Mjomba wapi, jamani? Kila adui katika kila filamu alikuwa mjomba. Binti yetu alikua akiamini kwamba India nzima watu wanagombana na wajomba zao.

Huyo binti ndiye mtoto wetu wa pekee, sasa yuko sekondari. Kiswahili anakisikia chote ila hakisemi. Ukimwita kwa Kiswahili atakuitikia kwa Kiswidi. Alipokuwa mdogo alikuwa analia steringi, yule shujaa wa filamu, akichomwa kisu, na baba yake anampakata, anamwambia, "Usiogope, mwanangu. Steringi hafi." Alipokua akaanza kukunja uso. "Pappa, snälla," anasema, yaani baba, tafadhali, nyamaza nisome mwenyewe. Hakunyamaza ng'o.

Na mzee wa Kiganda wa ghorofa ya juu, aliyekimbia kwao zamani za vita akazeekea hapa, alikuwa anashuka na mandazi yake, anakaa kwenye kiti kilekile karibu na dirisha, kazi yake kubisha. Nilikuwa nawasikia kwa mbali, kama watu wanaozungumza chumba cha pili. Ndotoni nimewahi kumwona steringi akipiga deki ofisini Kista, na mume wangu akitangaza kila ndoo inayomwagwa.

Sasa niseme langu, wanaotaka kuchukia wachukie. Filamu hizi zina mambo yake. Watu wanapigana kwenye udongo: matope ni matope, mvua inalowesha, mtu akitupwa juu ya magunia ya pilipili unapiga chafya kwako sebuleni. Steringi kavaa kikoi cheupe amekikunja mpaka magotini kama wanaume wa kwetu Tanga, ana kitambi kidogo, ana mama anayemwonea uchungu. Ngoma zinaanza kabla hajaonekana. Unaonyeshwa ndala, unaonyeshwa mkono, unaonyeshwa vumbi, na wewe moyo ushaanza kudunda. Nani mwingine anajua kuingia hivyo? Katika filamu za Kiswidi mtu anaingia jikoni, anafungua friji, anahuzunika, basi.

Lakini zinaniudhi! Steringi anatembea polepole mpaka unaweza kuinjika wali ukaiva. Anajisifu mwenyewe, kisha maadui wanamsifu, kisha wimbo unamsifu. Siku hizi damu imezidi. Ngumi hazitoshi tena, kila mtu na panga. Wanawake hawana kazi: msichana anaimba mara moja halafu anatekwa, mama analia, dada anauawa ili kaka apate kukasirika. Na ukivumilia mpaka mwisho, hakuna mwisho, eti subiri sehemu ya pili. Khaa! Ila ubaya mkubwa kuliko wote, na nilimwambia mume wangu mara nyingi, ni kwamba hakuna hofu. Ukishajua mtu hafi, utamwogopea nini? Wamchome, wamtupe kutoka ghorofani, wewe kunywa chai yako.

"Sasa unataka afe?" mume wangu akaniuliza siku moja.

"Nataka nijue kwamba anaweza kufa."

Mzee wa Kiganda akacheka. "Mama, wa kufa si wako nje huko? Mimi wa kufa nimewaona. Hapa ninakujanga kuangalia yule mwenye hafi."

Nikamwona mtu wa maneno tu, nikageukia upande wa pili nikalala.

Majani yalipoanza kupukutika, sauti ya mume wangu ikakwaruza. Tukadhani mafua. Tangawizi, asali, ndimu, hola. Hospitali wakamtazama koo, na daktari akatuambia bila kuzunguka: kuna uvimbe kwenye nyuzi za sauti, utakatwa, maisha yake hayamo hatarini. Sauti inaweza kurudi, inaweza isirudi. Mume wangu akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameambiwa treni imechelewa. Tulipofika nyumbani akajifungia bafuni na kufungulia maji. Niliogopa, wallahi niliogopa. Sauti ile ndiyo niliyokuwa nalalia tangu tuoane.

Alirudi kutoka hospitali amepigwa marufuku kusema, hata kunong'ona, mpaka kidonda kipone. Jumamosi ikafika. Akawasha televisheni, akachagua filamu ya Kitelugu, akaketi. Mzee akashuka na mandazi yake. Binti yetu akajikunyata pembeni mwa kochi na simu yake. Mimi nikajilaza, nikasubiri usingizi, haukuja.

Sikujua kwamba filamu hizi zina kelele kiasi kile. Ngoma zikapigwa, ndala ikaonekana, mkono ukaonekana, na hakuna aliyepaza sauti, "Haya, mwenye nyumba huyo!" Yule mtu alitembea tu, maskini wa watu, kama aliyepotea njia. Mume wangu alikuwa ameshika rimoti karibu na mdomo, kama maikrofoni, midomo inacheza. Akavuta pumzi.

"Usiseme!" nikamkemea.

Akaishusha rimoti. Machozi yakamlengalenga, na mimi nikaona bora wangeniziba mdomo mimi.

Binti yetu akaweka simu chini.

"Huyu," akasema. "Huyu mwenye masharubu. Huyu ni mjomba wake."

Kwa Kiswahili. Sikuthubutu hata kugeuka.

"Yeye ameiba shamba ya mama," akaendelea, Kiswahili kimepinda, kimejaa Kiswidi. "Mama amekufa. Sasa huyu kijana amekasirika sana, sana."

"Eeh, endelea, binti!" mzee akasema, andazi limesimama hewani.

Akaendelea. Alikosea, alitunga, alitia chumvi kuliko hata baba yake; lori likawa gari moshi, polisi naye akawa mjomba. Mume wangu alikuwa anajipiga goti, mabega yanatikisika, anacheka bila sauti. Nje theluji ikaanza tena. Kope zangu zikawa nzito, na chumba kikaanza kuniacha taratibu kama zamani.

Ghafla ngoma zikanyamaza. Nikafumbua macho. Steringi alikuwa amelala kwenye mvua, panga ubavuni, na picha imeganda kwenye uso wake. Mume wangu hakuwa anacheka tena. Alikuwa ameshika koo lake kwa mkono mzima. Na mimi, niliyekuwa nikitafuta hofu katika filamu hizi miaka yote, roho ikawa juu juu.

Binti yetu hakuwa akitazama televisheni. Alimsogelea baba yake, akauondoa ule mkono kooni, akaushika.

"Usiogope, baba," akamwambia. "Steringi hafi."

"Hafi," nikasema na mimi. "Nani kasema atakufa?"