Mama mkwe aligoma kula, nikaingia jikoni kumtengenezea pudding ya ndizi

Habari zenu wakuu. Hii siyo chai. Wife amekaa pembeni anasoma kila ninachoandika, kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi siwezi.

Mimi ni fundi pikipiki hapa Segese. Mama mkwe alikuja kwetu kutoka Masumbwe kutibiwa meno. Waling'oa manne, akaambiwa arudi baada ya wiki yatolewe mengine mawili.

Shida ikawa chakula. Ugali hawezi, viazi vinamuuma, uji kauchoka. Siku ya tatu asubuhi akagoma kabisa, akafunga mzigo wake. Kesho anarudi kwake, hayo meno mawili atakaa nayo.

Wife akawa analia chinichini. Mimi roho iliniuma sana, maana mama huyu nampenda, na akiondoka hivyo hospitali harudi tena.

Sasa kwa wasiotujua Wasukuma: mkwe wa kiume na mama mkwe hawali pamoja. Miaka minane sijawahi kumwona akitafuna kitu. Kwenda kumbembeleza ale ni aibu kwangu na kwake.

Ndipo nikakumbuka pudding niliyoiona mtandaoni. Ndizi mbivu, biskuti, kastadi, tabaka juu ya tabaka. Haina cha kutafuna!

Nikafunga ofisi asubuhi ile ile.

Kosa langu la kwanza: unga wa kastadi niliumwaga moja kwa moja kwenye maziwa yanayochemka, nikashika mwiko nikakandamiza kwa nguvu zote. Wife akachungulia.

"Baba Kulwa, huo ugali wa njano utaula na mlenda?"

Nikaagiza pakiti nyingine dukani. Safari hii nikakoroga unga na maziwa ya baridi kwanza, kisha nikamimina polepole kwenye ya moto, moto mdogo. Wakuu, ikatoka laini, inang'aa, nikajiona mpishi wa hoteli.

Nikachukua bakuli la kioo tulilopewa harusini. Biskuti chini, vipande vya ndizi, kastadi, halafu narudia mpaka likajaa. Maziwa ya huku ni mazito, kwa hiyo utandu wake nikaupiga na sukari nikapaka juu.

Friji hatuna. Jirani mwenye duka akahamisha soda zake, bakuli likakaa humo saa mbili nzima.

Mchana wife akampelekea mama chumbani. Mimi nikabaki uani najifanya nasafisha kabureta. Baadaye nikasikia kijiko kinagonga kioo. Kikagonga tena. Hakikukoma!

Wife akatoka ameziba mdomo kwa kanga, anacheka. Mara sauti ya mama ikatoka ndani.

"Baba Kulwa!"

"Naam mama."

"Wabeja, asante mwanangu. Kimebaki kingine?"

Mama huyu hajawahi kutaja chakula mbele yangu tangu nioe. Nilifurahi hadi machozi yakanitoka, nikasingizia petroli. Kabla ya jioni mzigo ulishafunguliwa, nguo zake ziko kwenye kamba.

Nilichojifunza: kuna mambo mkwe huwezi kuyasema kwa mdomo, lakini jikoni hakuna aliyekukataza kuingia.

Wenzangu mliooa, ninyi wakwe zenu mliwabembeleza vipi? Na mwenye ujuzi wa kuzuia ndizi zisiwe nyeusi aniambie haraka. Alhamisi yanatoka yale mawili, na mgonjwa ameshatoa oda.