Kishindo cha Pasi

Fundi cherehani wa pale dirishani hawezi kutupa mkasi mezani. Huulaza juu ya kitambaa, polepole. Kifafa chake huamshwa na kishindo cha ghafla, hasa cha chuma, na wenzake wamezoea kufunga mlango kwa mikono miwili. Mlio wa cherehani haumdhuru. Hushona akiimba chinichini, nyimbo za nusunusu asizozimaliza, na mtu akibisha hodi kwa nguvu, vidole vyake huachana na sindano kabla hajageuka kuona ni nani.

Juzi msichana mgeni kazini, akinyoosha gauni la bibi harusi, aliponyokwa na pasi. Ilipogonga sakafu, yule mama fundi alikakamaa, akaanguka, akatetemeka mwili mzima. Jirani yake akasogeza kiti, akamlaza ubavu, akasubiri naye. Alipofumbua macho, alimsikia msichana akilia: “Nimemuua mama wa watu!”

Mama akapapasa sketi yake. “Nimejikojolea?” akanong’ona.

“Hapana, dada,” jirani akajibu.

“Afadhali. Basi mpeni huyo kitambaa ajifute. Ataliloanisha gauni la bibi harusi kwa machozi, na mwenyewe yuko njiani.”