Kati ya Martina na Mboni

Pale chuoni Mitwero hakuna mtu aliyekuwa akiamkiwa kama Mastura, na hakuna aliyezichoka shikamoo kama yeye. Msije mkamdhania ana kiburi, jamani. Hebu nisikilizeni kwanza.

Chuo chenyewe kidogo tu: madarasa matatu, maktaba yenye feni moja, na wanafunzi arobaini na mmoja wanaosomea stashahada ya lugha na historia. Arobaini ni vijana wa miaka ishirini na kitu. Wa arobaini na moja ni Mastura, miaka hamsini na mbili, miwani ya kusomea imening'inia shingoni. Wanawe walishatawanyika kila mmoja na maisha yake, mumewe Idd akafariki, akabaki kule Sudi na nyumba ya vyumba vinne na redio. Akasema, potelea mbali, nakwenda kusoma nilichokikosa usichanani.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo hakumwambia mtu. Sudi nzima yeye ni Mama Mwanaidi. Aliyekuwa akimwita Mastura ni Idd peke yake, tena ndani, mlango ukishafungwa. Idd alipozikwa, jina nalo likakosa wa kulitamka. Basi siku aliyojaza fomu ya chuo aliandika MASTURA kwa herufi kubwa, akalitazama, akacheka peke yake. Alijua chuoni kuna daftari la mahudhurio, na kwenye daftari kila mtu huitwa jina lake. Hicho ndicho alichokitaka kuliko hata cheti, mtu amwite.

Siku ya kwanza Mwalimu Klementi, kijana wa miaka thelathini, shati limenyooshwa mpaka kola, akafungua daftari, akaita mpaka akafika herufi ya J.

"Joyce."

"Nipo."

"Martina."

"Nipo."

Mastura akajiweka sawa kwenye kiti. Alishapiga hesabu ya alfabeti: baada ya Martina ni yeye, halafu Mboni. Mwalimu akalisoma jina kimoyomoyo, akainua macho, akaona miwani na buibui.

"Aa! Kumbe tuna mama humu. Shikamoo mama."

"Marahaba," akajibu. Angefanyaje?

Darasa zima likadakia, shikamoo mama, shikamoo mama. Mwalimu akaweka tiki yake, akaendelea, "Mboni." Tangu siku hiyo hakulitamka hata mara moja. Akifika pale hutabasamu, huinamisha kichwa kidogo, hutia tiki, hupita. Mtu mzima kama yule, umwite jina mbele za watu? Nani athubutu!

Nje ya darasa kuna vimbweta, zile meza za zege zilizojengwa pamoja na viti vyake, na hapo ndipo wanachuo wanaposomea, wanapotaniana, na wanapopeana majina ya walimu. Ukiwa mbali unasikia vicheko mpaka barabarani. Mastura akisogea tu, kimya. Mmoja atamfutia kiti kwa kanga, mwingine atampokea mkoba, "Karibu mama, kaa hapa." Baada ya dakika tano mmoja amekumbuka maji ya kunywa, mwingine anapigiwa simu isiyolia, na Mastura amebaki na kimbweta kizima peke yake.

Siku moja akajitia ujana. Akamkuta Hussen, mwanafunzi mwenzake, getini, akamrushia, "Oya, mambo vipi?" Kijana wa watu akashtuka kama kafumwa na kosa, akarudisha mikono nyuma. "Shikamoo mama." Hee! Mastura alikwenda kujifungia maktaba asubuhi yote.

Siku za Jumamosi zilikuwa mbaya zaidi. Alifua, akaanika, akafagia chumba chake cha kupanga, akitazama saa ni saa tatu tu, na siku nzima bado iko mbele yake. Alikuwa mpweke, wala nisizunguke. Mpweke katikati ya watu arobaini wanaompenda.

Mwezi wa tano ikaja kazi ya kikundi: kila kikundi kiandike historia ya mahali pamoja katika pwani ya Lindi. Mastura akapangwa na Joyce, Yassin na Imani. Wakachagua kisima kimoja cha Sudi. Furaha aliyokuwa nayo, we acha tu! Lakini kikao cha kwanza Yassin akamwambia, "Mama wewe pumzika, tutaandika sisi, jina lako tutaliweka." Kikao cha pili wakamletea chai. Cha tatu Mastura akakataa chai, akavaa miwani, akavuta karatasi.

"Hapa mmekosea," akasema. "Kisima hiki kilichimbwa na wanawake, sio na serikali."

Joyce alikuwa ameandika ukurasa ule kwa siku mbili. Ni binti wa Nachingwea, mdomo mwepesi, hapendi kuguswa kazi yake. "Chanzo kiko wapi?"

"Chanzo ni mimi. Bibi yangu alikuwemo."

"Hicho sio chanzo, bwana. Kimeandikwa wapi? Kitabu gani?"

"Wewe hicho kitabu chako kimewahi kuchota maji pale?"

"Aa, Mastura, acha ubishi!" Joyce akapiga meza. "Mwalimu atatukata maksi!"

Imani akaziba mdomo kwa mikono miwili. Yassin akasimama. "We Joyce! Una wazimu? Unamwita mama jina?"

Mastura hakuwasikia. Miaka mitatu na miezi tisa, wallahi, tangu Idd. Jina lilimwingia kifuani kwa joto, na kabla hajajizuia akawa anacheka, anacheka kwa sauti, machozi yanamtoka. "Ubishi unao wewe!" akasema. "Haya, nibishie tena!"

Lakini wao waliona machozi tu. Joyce akageuka rangi, akakusanya daftari zake, akakimbia akilia, na wenzake wakamfuata. Mastura akabaki na kimbweta kama kawaida, ila jioni hiyo akiwa anasonga ugali wake alikuwa akijisemesha, "Aa, Mastura, acha ubishi," kwa sauti ya Joyce ileile. Alilala akipanga atakavyomjibu kesho.

Kesho yake alifika mapema. Darasa zima lilishajaa, Mwalimu Klementi amesimama mbele, Joyce pembeni yake, macho yamevimba. Usiku kucha walikuwa wamemsema bwenini. Joyce akaja hadi kwenye kiti cha Mastura, akapiga magoti sakafuni.

"Shikamoo mama. Nisamehe mama yangu, nilikosa adabu."

"Mwanangu, inuka," Mastura akasema. "Sikukasirika hata kidogo. Wewe niite tu Mastura. Nawaomba wote, niiteni Mastura."

Darasa likaguna kwa mshangao, kisha likapiga makofi. "Mnaona?" Mwalimu akasema, sauti imelainika. "Mnaona busara ya mama yetu? Mtu mzima kavunjiwa heshima, bado anajishusha."

Joyce hakuinuka. Alikuwa anasubiri. Shikamoo yake ilikuwa bado haijajibiwa, na isipojibiwa maana yake hajasamehewa, na atatoka pale na aibu hiyo mpaka amalize chuo. Mastura alimtazama utosi ule uliosukwa vizuri, akatazama nyuso arobaini. Alitaka kupiga kelele.

"Marahaba, mwanangu," akasema.

Joyce akambusu mkono, akarudi kukaa mbali kabisa, mstari wa nyuma. Mwalimu akafungua daftari, akaita mpaka akafika J.

"Joyce."

"Nipo, mwalimu."

"Martina."

"Nipo."

Mwalimu akainua macho, akatabasamu, akainamisha kichwa chini kuliko siku zote, akatia tiki.

"Nipo," Mastura akasema polepole.

"Mboni," mwalimu akaita.