Kumpelekea Mjane Jina la Mihambo

Niliondoka Dar es Salaam kwa sababu ya ahadi niliyompa mgonjwa. Mgonjwa huyo, Bwana Hendrik, Mholanzi niliyempigia taipu barua za kazi, alikuwa mtaalamu wa visima. Nje ya kazi aliandika mashairi na riwaya kwa Kiholanzi, akitumia jina la Mihambo, maana baba yake mchungaji asingevumilia kuona jina la ukoo kwenye riwaya. Mihambo alikuwa mtu kweli, mkulima wa Tabora aliyempa Hendrik chumba miaka ya mwanzo ya Uhuru. Alifariki kabla ya kitabu cha kwanza, hivyo hakuombwa ruhusa.

“Nenda kwa mjane wake, ukaniombee radhi,” Hendrik aliniambia. Wiki hiyohiyo tulimzika, watu sita, macho makavu. Mimi pia sikulia. Niliona haya mbele ya Wazungu.

Asubuhi ya pili treni ilitufikisha Tabora. Katika mtaa wa Mtendeni nilinunua kanga, kwani kwenda ugenini mikono mitupu ni aibu.

Kesho yake lori liendalo Nzega lilinishusha kwenye kijiji cha Ujamaa, nyumba mpya zimepangwa mistari kando ya njia ya wapagazi wa zamani. Vumbi lilinijaa hadi kwenye nyusi. Niliogopa. Mjane akikataa, jina limekwisha kuchapwa, nitalifutaje?

Mama Kalunde, mjane mwenyewe, alikuwa akipepeta mtama.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu. Habari za utokako?”

Nilimweleza habari za vitabu, nikamwonyesha jina kwenye jalada la kimoja nilichokibeba. Aliligusa kwa kidole.

“Miaka yote hiyo anaitwa Mihambo?”

“Ndiyo, mama. Anaomba radhi.”

“Radhi ya nini? Mwenye jina la mume wangu ni mume wangu. Hata mjukuu aliyerithi jina hilo namwita mume, namtengea chakula. Mbona huyu hakuja mwenyewe?”

Hapo nikatambua kosa langu. Nilitanguliza radhi, msiba nikauacha nyuma.

“Amefariki, mama.”

“Nani amemlilia?”

“Hakuna, mama.”

Aliweka ungo chini, akamwita dada yake alete wembe. Akavua kilemba, akanyolewa kichwa chote, kama alivyonyolewa alipofiwa na Mihambo wa kwanza. Majirani wakaja kukaa matanga. Zamu yangu ya kunyolewa ilipofika, niliinamisha kichwa nikalia bila kujificha.

Siku ya nne nilipanda treni ya kurudi. Nilidhani nimetumwa kuomba ruhusa, kumbe nilipeleka msiba kwa wenyewe, nami nikiwa mmoja wao. Ofisini waliponiuliza kwa nini nimenyoa, niliwajibu kuwa nimefiwa. Hata siku ya mazishi sikuwa nimelitamka neno hilo.