Niliviweka Akiba Vidonge vya Kipandauso

Kosa ni langu. Nimelihesabu mara mbili, na mara zote mbili limerudi kwangu. Jina langu msiniulize, maana bado nauza mikeka hapa Msambweni, na wateja wakijua nilivyoshindwa siku ile, sitapata bei ya maana tena!

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya sabini. Kipandauso kilikuwa kimenizoea. Si kuumwa kichwa tu, jamani! Upande mmoja wa uso wagongwa kama nazi inayopasuliwa, jicho lakataa mwanga, na tumbo larudisha kila kitu. Kila mwezi nililala siku tisa chumbani, dirisha limefungwa. Nilizihesabu mara mbili: tisa.

Mpwa wangu Mwanatumu ndiye aliyenikokota hospitali. Ni binti wa dada yangu, na kwetu Wadigo mjomba ndiye msemaji wa mpwa. Alikuwa amechumbiwa na kijana wa Majoreni, na siku ya kukata mahari ilikuwa imekaribia.

"Mjomba, mimi sitaki dhahabu," aliniambia njiani. "Nataka cherehani. Nimechoka kushona kwa mkono."

"Utaipata," nikamwambia. "Nani amewahi kunishinda kwa maneno?"

Daktari akanipa vidonge ishirini na vinane. "Kimoja asubuhi, kimoja jioni. Kila siku, kichwa kiume kisiume. Hii ni dawa ya kuzuia. Baada ya wiki mbili urudi, nipime mapigo ya moyo, tuone kama tutaongeza."

"Daktari, mwisho wake ngapi?"

"Mwisho wa nini?"

"Wa vidonge. Viwili kwa siku ni vingi. Nipunguzie."

"Mzee, mimi siuzi mkeka."

Nikavipokea vidonge, lakini moyoni nilikuwa nimeshavipunguza. Nimeze dawa siku ambayo siumwi, kwa faida gani? Nikavitia vidonge kwenye mkebe wa chai. Siku mbili kichwa kilipouma, nikameza viwili viwili. Siku nyingine, hata kimoja!

Kila jioni Mwanatumu alipita. "Shikamoo mjomba. Umemeza?"

"Marahaba. Nimemeza."

Astaghafirullah! Uongo wa siku kumi, tena kwa mtoto anayenitakia heri.

Siku ya kumi na moja ndiyo ya mahari. Nikaamka, pembeni mwa jicho vimetameta vile vimulimuli ninavyovijua. Kipandauso chaja! Nikafungua mkebe: ishirini na vinne. Nikapiga hesabu yangu ya kijinga, kwamba mwili wanidai vya siku zote zilizopita. Deni likawa kumi na sita, nikajipunguzia nusu, nikameza vinane kwa mpigo.

Wageni wakaja, wakakaa mkekani. Nilikuwa nimewaonya watu wangu wote wasifungue kinywa nikiwa kazini. Msemaji wa Majoreni akaanza, nami nikahisi moyo unakwenda polepole kama punda aliyegoma. Macho mazito. Kichwa kikaanguka kifuani, nikakiinua, kikaanguka tena.

"Cherehani tuiache," nikamsikia kwa mbali. "Tutaleta leso jozi nne. Mwasemaje, mjomba?"

Kichwa kikaanguka.

"Amekubali! Haya, tusome Fatiha."

Dada yangu akapiga kelele nyuma ya pazia, lakini Fatiha ilikuwa imeshaanza. Nami nikalala chali katikati ya wakwe.

Walinibeba mpaka hospitali. Daktari akashika mkono wangu, akausikiliza muda mrefu.

"Ulimeza vingapi?"

"Vinane. Vingine vilikuwa vya siku za nyuma."

"Dawa hii haina vya nyuma, mzee! Moyo wako ulitaka kusimama."

Mwanatumu alikuwa mlangoni, akasikia yote. Hakunilaumu. Heri angenitukana! Alisema tu, "Kwa hiyo hukuwa unameza," akanifunika shuka, akatoka.

Nilipopata nguvu nikaenda Majoreni kuyafungua mazungumzo upya. Yule msemaji akanikaribisha kwa kahawa, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mjomba, uliitikia mara tatu! Mimi ningetosheka na moja."

Nikauza baiskeli yangu, nikanunua cherehani mwenyewe.

Nikaanza dawa upya, safari hii bila ujanja. Viwili kwa siku, wiki mbili, nikapimwa. Daktari akaongeza cha tatu, cha adhuhuri. Miezi ikapita, na zile siku tisa zikabaki mbili. Nimezihesabu mara mbili, sikuamini!

Cherehani ilipofika, kitu cha kwanza Mwanatumu alichoshona ni kimkoba cha kitambaa chenye vijifuko vitatu: asubuhi, adhuhuri, jioni. Akija kunijulia hali hanisalimu kwanza. Avipapasa vile vijifuko, avihesabu vidonge, ndipo aseme shikamoo.

Sasa naenda sokoni kwa miguu, mikeka nimejitwika kichwani. Ni mizito, lakini kichwa chenyewe hakiumi.

Wenzangu mnaougua, ombeni kupunguziwa samaki, ombeni kupunguziwa nazi, hata mikeka yangu njooni tuvutane. Lakini daktari akisema viwili, msimuulize mwisho wake ngapi. Mwisho wake ni viwili.