Wazee wa Suti na Disketi ya Muturi

Wakiuru wa Buruburu alipiga taipu serikalini mpaka vidole vyake vikawa vinajua maneno kabla ya kichwa. Serikali ilipopunguza watu, wenzake walifungua vioski na kuuza mitumba. Yeye kiinua mgongo chake chote kilinunua kompyuta, pamoja na modemu ya kuiunganisha na simu ya nyumbani. Mtaa ulimcheka. Heri angefuga kuku, walisema, kuku angalau hutaga.

Kelele za chura hazikumzuia kunywa maji. Wateja wake walitoka mbali: wazungu wanaozunguka Afrika na nyumba zao juu ya magurudumu, malori yenye kitanda, jiko, sinki na mapazia madirishani. Madereva waliambiana kwamba Buruburu kuna mama anayepokea na kutuma imeli, tena hasomi za watu. Basi wakaja, wakaegesha nje ya geti lake, na watoto wa mtaa wakajaa kuchungulia choo kinachosafiri.

Hakuna aliyeondoka bila mahubiri. "Andika barua yako yote kabla hujashika laini," alikuwa akiwaambia. "Ukishaishika, tuma, pokea, kata. Simu si mahali pa kufikiria. Gari likipigwa stata, kompyuta yako ya safarini iwe imezimwa, umeme wa betri huruka ukaiunguza. Disketi weka kwenye kopo la majani ya chai, vumbi la barabara zetu halina adabu. Na ukifika mahali hapana simu, tia barua kwenye disketi, mpe mtu anayekwenda, kama barua ya mkono."

Mumewe Muturi, ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha magari hayohayo, aliyasikiliza mahubiri hayo akichokoa meno. "Mama Wachira, sheria zako zimezidi za Musa," alimtania. Yeye mwenyewe kompyuta hakuigusa. Alisema ina macho.

Mwisho wa mwaka wa tisini na saba, Muturi aliondoka na wazee wawili wa Kiswisi, mume na mke, kuelekea Mombasa. Ndipo mvua za El Nino zikashuka kama zilizotumwa. Barabara zilikatika, madaraja yakaenda na maji. Redio ikatangaza kwamba huko Ukambani gari kubwa limesombwa na mto, watu waliokuwamo hawajulikani. Gari gani, haikusema.

Simu za upande ule zilikuwa zimekufa. Wakiuru alijua, lakini aliketi mbele ya kompyuta yake, akashika laini, akatazama, akakata, akashika tena. Alikuwa akizivunja sheria zake mwenyewe. Sanduku la barua lilikuwa tupu kila mara. Jirani yake Nasike alimletea uji, akaukuta ule wa jana bado uko pale umeganda.

"Mama Wachira, kula hata kidogo."

"Nitakula akifika."

Hakulia. Alikataa katakata kulia, kwa sababu aliona akilia atakuwa amekubali.

Jumapili hata kanisani hakwenda. Watu walipokuwa wakitoka ibadani, alisikia geti likilia, akachungulia dirishani. Akaona wazee wa kanisa watatu, wamevaa suti nyeusi, Mzee Kabiru mbele na Biblia kwapani. Nyuma yao mwanamume mgeni aliyejaa matope mpaka kiunoni. Walikuja polepole, kila mmoja akimpisha mwenzake atangulie.

Nani huku kwetu Eastlands hajui maana ya hayo? Habari njema huletwa na mtu mmoja anayekimbia. Msiba huletwa na wazee, tena kwa suti, na hakuna anayetaka kuufikia mlango wa kwanza.

Wakiuru alipiga ukemi uliosikika mpaka barabarani. Nasike akausikia kwake, akaupokea bila kuuliza, na nyumba ya tatu ikaupokea kutoka ya pili. Punde ua ulijaa wanawake wamejishika vichwa. Mmoja alikuwa amekwisha kuleta sufuria kubwa ya chai ya waombolezaji.

Na wale wazee? Walisimama pale wakatazamana. Mzee Kabiru akamnong'oneza mwenzake, "Huenda imeli imemfikia kabla yetu." Wakavua kofia. Wakainamisha vichwa na kuanza kuomba. Wakiuru alipoona kofia zimevuliwa, akaanguka kwenye kochi. Ama kweli watu wazima wanaweza kuzika mtu mzima kwa adabu tupu!

Aliyeokoa siku ile ni yule mgeni. Alikuwa Makau, turniboi, yaani utingo wa lori. Alingoja maombi yaishe, yasiishe, akakata tamaa akapaza sauti.

"Wazazi, mnalia nini? Nani amekufa hapa?"

Wanawake wakashusha mikono vichwani.

"Mimi nimetumwa tu. Nimevuka mto kwa kamba, nikaletwa na malori ya watu mpaka Nairobi. Sijui Buruburu, nikauliza kanisani mama wa kompyuta anakaa wapi. Hawa wazee wakasema si vizuri mgeni aende kwa mke wa mtu peke yake, hata hawakuuliza nimebeba habari gani." Akatia mkono kifuani, akatoa kifurushi cha nailoni. "Bwana yako ako sawa, mama. Amesema nikupe hii."

Ilikuwa disketi.

Wakiuru aliinuka asijue ameinukaje. Aliipangusa kwa kanga, akaisukuma kwenye kompyuta, na watu wote wakamjaa mgongoni. Mashine ikakwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Ndani mlikuwa na barua fupi na picha moja, kwa sababu yule mzee wa Kiswisi alikuwa na kamera mpya inayoweka picha zake kwenye disketi.

Barua ilisema, Tuko salama ng'ambo ya daraja, usihangaike, Muturi.

Nasike akapiga kigelegele. Wakiuru akamzuia kwa mkono. "Subiri. Hii ni taipu, na Muturi kompyuta haigusi. Mimi miaka yote nimeandika barua za watu wengine, wao wakatia sahihi tu. Taipu haina mkono wa mtu." Ukweli ni kwamba alitamani mno kuamini, na ndiyo maana aliogopa.

Akafungua picha. Ilishuka kutoka juu, mstari kwa mstari, kama mtu anayeteremsha pazia. Mawingu. Paa la gari-nyumba. Kofia.

"Si hiyo kofia yake?" Nasike akauliza.

"Kofia huokotwa."

Likaja paji la uso. Yakaja macho, na macho yalikuwa yamefumbwa. Wanawake wakaguna, mmoja akageuza uso ukutani. Mzee Kabiru akaishika tena Biblia yake.

Wakiuru akaangua kicheko.

"Ni yeye! Jamani, ni yeye! Huyu mwanamume hajapigwa picha hata moja macho wazi. Picha ya harusi yetu amefumba, ya kitambulisho amefumba, mpaka ya ubatizo wa Wachira! Ukimwonyesha kamera tu anafumba!"

Picha ikaendelea kushuka bila haraka. Mdomo ulikuwa wazi, bila shaka alikuwa akimfundisha Mswisi namna ya kushika kamera. Mkononi alikuwa na hindi la kuchoma lililoliwa nusu, na miguu yake ilisimama imara katika matope ya Ukambani.

Hapo Wakiuru akalia. Alilia na kucheka pamoja, machozi yakamdondokea kwenye kibodi ambayo aliwakataza wateja hata kuipumulia, na Nasike akamkumbatia huku vigelegele vikizunguka ua mzima. Ile chai ya matanga ikanywewa na wote, Makau akipewa kikombe cha kwanza na mkate wote uliokuwamo nyumbani.

Mzee Kabiru alipoaga, Wakiuru alimsindikiza mpaka getini, amemshika mkono hataki kumwachia.

"Mzee, asante. Mungu akubariki. Lakini siku nyingine ukiniletea habari njema, nakuomba, vaa shati tu. Na uje ukikimbia."